Usugu wa dawa maana yake nini?

"Mwili wangu umeshaizoea amoksilini." Kauli hii husikika sana kwenye maduka ya dawa, nayo imepotosha wengi. Usugu wa dawa ni uwezo wa kimelea, tuseme bakteria, kuishi na kuzaliana licha ya dawa iliyokuwa ikimuua. Anayekuwa sugu ni bakteria, si mwili. Ndiyo maana kichanga ambaye hajawahi kuonja dawa yoyote anaweza kuambukizwa wodini bakteria sugu aitwaye Klebsiella, bakteria huyo akaingia kwenye damu, na seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, isimfanye kitu.

Baadhi ya bakteria hutengeneza vimeng'enya vinavyoivunja dawa. Wengine huitema nje. Ukimeza antibiotiki kutibu mafua, ambayo ni ya virusi, mafua hayaguswi, ila bakteria dhaifu walioko tumboni hufa na sugu hupata nafasi ya kuongezeka. Tena hupeana vinasaba vya usugu, hata na bakteria wa jamii nyingine. Watafiti walikadiria kuwa mwaka 2019 bakteria sugu waliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani.

Hapo ndipo anapoingia daktari bingwa wa magonjwa ya kuambukiza. Anataka damu ichukuliwe, bakteria waliomo waoteshwe maabara, kabla ya sindano ya kwanza ya antibiotiki. Mahututi hasubiri majibu. Huanzishiwa dawa inayoua bakteria wa aina nyingi. Majibu yakitoka, baada ya siku mbili tatu hivi, inawekwa dawa inayomlenga bakteria aliyeonekana, au antibiotiki inasimamishwa kabisa. Naona hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu mgonjwa akishapata nafuu hakuna anayetaka kubadili dawa zake.

Nusu nyingine ya kazi haihusu dawa, ni kuzuia bakteria wasiingie mwilini wala kuenea wodini. Kila asubuhi anauliza: huu mpira wa mkojo bado unahitajika? Kanula hii, yaani mrija ulioachwa mshipani, ina siku ngapi? Halafu mikono. Tangu 1847, daktari Semmelweis alipowaamuru madaktari wa wodi ya uzazi mjini Vienna kunawa kwa maji ya klorini na vifo vya wanawake waliojifungua vikashuka sana, jambo hili linajulikana. Hata hivyo muuguzi aliyezidiwa na wagonjwa hunawa akishika usaha, lakini akishika reli ya kitanda tu hupitiliza hadi kwa mgonjwa wa pili. Kwa hiyo kitakasa mikono kiwekwe pale pale kitandani, na mwenye bakteria sugu awe na kipimajoto na mashine yake ya presha, visivyohamia kwa jirani.