"Faiba Haiozi": Gonga Tezi Kwanza

Anayetafuta boti ya familia iliyotumika huko Kisumu hukosi kumsikia akiambiwa, "Hii ni faiba, haiozi." Faiba yenyewe haiozi, kweli. Kinachooza ni plaiwudi ambayo mara nyingi hufungiwa ndani yake, hasa kwenye tezi, yaani ubao wa nyuma ya boti, pale injini inaponing'inia. Maji hupenya kupitia matundu ya bolti yasiyozibwa vizuri, na rangi mpya huficha yote.

Basi kabla ya kusifia injini, gonga tezi yote kwa mpini wa bisibisi, ukianzia chini. Ubao mzima hulia ko! kavu, uliooza hutoa mlio mzito, kama unagonga godoro. Kisha inamisha injini, shika mguu wake (sehemu ya chini yenye propela), uusukume juu na chini huku mwenzako akitazama. Tezi ikinesa, au maji ya kahawia yakichuruzika kwenye bolti, achana nayo: matengenezo yake ni kukata faiba na kujenga upya, na hapo bei nafuu imekwisha.

Injini iwashe ikiwa majini. Mchirizi wa maji ya kupoza ukiwa dhaifu, huenda gugumaji limeziba tundu la kuvutia maji, au impela, kigurudumu cha raba kinachosukuma maji hayo, imechakaa. Impela hubadilishwa, tena si kazi kubwa.