Diaspora ni nani? Neno na matumizi yake kwetu Kanda ya Ziwa

Kwenye sherehe nyingi hapa Mwanza utamsikia mshereheshaji akiwakaribisha "wageni wetu kutoka diaspora". Wapo pia wasemao "shemeji anaishi diaspora". Hapo neno limebebeshwa mzigo usio wake, maana diaspora ni watu, si mahali. Asili yake ni Kigiriki, lenye maana ya kutawanyika, na zamani lilitajwa zaidi kwa Wayahudi walioishi nje ya nchi yao. Leo ni jamii yoyote iishiyo nje ya nchi ya asili yake. Kwa hesabu hiyo Wahindi wa Mwanza nao ni diaspora, ya India, ingawa wengi wamezaliwa hapahapa na wengine Kisukuma chao kinawazidi vijana wetu wa mjini.

Mahali penyewe ndipo ughaibuni. Vijana husema majuu au mamtoni, si vibaya. Ng'ambo ndilo lina utata kwa watu wa ziwa: anayepanda kivuko cha Kamanga kwenda Sengerema naye anakwenda ng'ambo, na jioni yuko kwake anakula sato.

Kijana wa Ukerewe aliyehamia Dar es Salaam, hata asiporudi miaka kumi, si diaspora. Mwenzake aliyefanya maisha Kisumu au Kampala ni diaspora kamili, sawa na aliye Uingereza. Wengi hawamhesabu, nadhani kwa sababu harudi na koti zito wala lafudhi mpya.

Neno hili huleta shida zaidi kwenye fomu. Diaspora si uraia. Kati ya Watanzania wa ughaibuni wamo wenye pasipoti yetu, na wamo waliochukua uraia wa nchi nyingine. Kwa kuwa sheria hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha, hao wa pili si raia tena, na Sheria ya Ardhi ya 1999 kwa kawaida haimpi asiye raia ardhi ila kwa uwekezaji. Yamekuja marekebisho ya kuwapa wenye asili ya Tanzania hadhi maalumu, lakini hadhi hiyo huombwa; haiji kwa kuitwa diaspora tu.

Basi ukimjazia kaka fomu ya kiwanja cha Buswelu, penye uraia usiandike "diaspora". Andika nchi iliyompa pasipoti, hata kama kikao cha ukoo kitanuna.