Uradi wa Wabudha na pumzi ndefu

Kazi yangu ni kufundisha sauti. Wanaokuja kwangu hapa Bagamoyo ni waigizaji, wanakwaya na vijana wa taarabu, na siku hizi wameongezeka watu wazima walioambiwa na daktari kwamba presha imepanda, wapunguze mawazo. Hao ndio wanaonitolea simu na kunionyesha video ya watawa wa Kibudha wakighani, kisha wananiuliza: hivi hii inasaidia kweli? Nawajibu inasaidia, ila siyo kwa sababu wanayoidhania. Wengine huongeza swali la pili kwa sauti ya chini, kama si shirki. Nitalifikia.

Kughani kwa Wabudha hakukuanza kama tiba. Mafundisho ya Budha yalikaa vifuani mwa watawa kwa karne kadhaa kabla ya kuandikwa huko Sri Lanka, karne ya kwanza kabla ya Kristo. Njia ya kuyahifadhi ilikuwa kuyasoma pamoja, kwa mahadhi ya aina moja. Aliyepita madrasa hahitaji maelezo marefu hapo: ukiruka neno, wenzako wanakudaka palepale. Ndiyo maana matini ya Kipali, lugha ya maandiko hayo, yamejaa kurudiarudia hadi msomaji mgeni anachoka. Yaliundwa yasikike na yashikike, si yasomwe kwa macho.

Manufaa kwa msomewaji yakajiunga humohumo. Sri Lanka kuna kisomo kiitwacho pirit. Mtu akiumwa, au nyumba ikihamiwa, watawa wanakuja kusoma, wakati mwingine usiku kucha. Waliohudhuria wanashika uzi mmoja mrefu, baadaye unakatwa na kila mtu anafungwa kipande mkononi, na maji yaliyosomewa yananywewa. Mtu wa pwani akisikia habari ya maji ya kusomewa hashangai hata kidogo. Wala si jambo la mbali sana: Dar es Salaam, pale Upanga, lipo hekalu la Wabudha ambalo asili yake ni Wasinghala waliohamia huku mwanzoni mwa karne ya 20.

Japani wana mtindo wao. Mwaka 1253 mtawa Nichiren alianza kuwafundisha watu kutamka Nam-myoho-renge-kyo, yaani kujikabidhi kwa Sutra ya Yungiyungi, andiko mojawapo la Kibudha. Wafuasi wake hughani asubuhi na jioni, na mwimbaji Tina Turner alikuwa mmoja wao kwa miaka mingi. Kwa sikio la mwalimu wa sauti, mtindo huo ni wa kasi. Mtu anashika sauti moja, haipandi wala haishuki, na pumzi moja inabeba tamko mara kadhaa. Kipali cha Sri Lanka kinakwenda taratibu zaidi, pumzi moja kwa mstari.

Sasa tuje mwilini. Weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Vuta pumzi taratibu, kisha ishushe taratibu. Wengi, hasa vijana, watahisi mapigo yakikaza mwendo wakati wa kuvuta na kupunguza wakati wa kushusha. Anayeshika breki hapo ni neva iitwayo vagasi, inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, na kazi yake inasikika zaidi pumzi inapotoka. Kwa hiyo ukirefusha kushusha pumzi, unampa moyo nafasi ya kutulia kila mara.

Shida ni kwamba ukimwambia mtu mwenye wasiwasi ashushe pumzi polepole, hawezi. Inamtoka yote kwa mpigo. Sauti ndiyo inayomsaidia. Unapotamka, nyuzi za sauti kwenye zoloto hukaribiana na hewa inapita kidogokidogo kwa kubanwa, kwa hiyo pumzi ambayo ingekwisha kwa sekunde 2 au 3 inafika 8, hata 10, bila wewe kuhesabu. Hesabu inafanywa na mstari wenyewe. Chukua ule unaofungua visomo vya Kipali, Namo tassa bhagavato arahato sammasambuddhassa: silabi 18, unarudiwa mara 3. Ukiughani kwa utulivu unakula pumzi moja nzima, na ukijaribu kuvuta hewa katikati ya neno la mwisho utajisikia umekosea.

Mwaka 2001 jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake nchini Italia. Walipima watu 23 wakisema rozari kwa Kilatini na wakighani Om mani padme hum, tamko la Wabudha wa Tibet. Yote mawili yaliteremsha pumzi hadi takriban 6 kwa dakika, wakati kawaida ya mtu mzima aliyetulia ni 12 hadi 20, na mwili ukawa mwepesi zaidi kurekebisha presha yake. Watu 23 ni wachache, na vipimo vilichukuliwa wakati wanaghani, siyo baada ya mwezi. Kilichonivutia mimi ni rozari. Kiongozi anatangulia na nusu ya Salamu Maria, kundi linamalizia, kwa hiyo anayejibu anashusha pumzi ndefu na kupumzika huku mwenzake akisema. Mji huu una misheni ya Kikatoliki tangu 1868, na wazee wa rozari wamekuwa wakifanya mazoezi ya pumzi bila kuyaita hivyo.

Hapo ndipo ninapojibu lile swali la pili, la shirki. Namo tassa ni tamko la kumheshimu Budha. Mbudha anaposema anamaanisha, na mimi sipendi kuligeuza kidonge cha usingizi. Mwanafunzi wangu Mwislamu simpi maneno hayo. Namwambia ana uradi wake, auchukue huo baada ya sala na aache kuukimbiza kama anayewahi daladala. Bagamoyo ni mji wa Sheikh Ramiya na tarika ya Qadiria, uradi haujawahi kuadimika hapa. Ila zikri ya kusimama, ile ya kasi na kifua, inaufanyia mwili kazi nyingine; nazungumzia uradi wa kukaa.

Namna ya kukaa haina siri. Mgongo wima, kiti kinafaa, mabega yaanguke. Dakika 10 kila asubuhi zinashinda saa nzima ya Jumapili. Sauti iwe ya chini kama ya kuongea na mtu aliye karibu, kwa sababu wengi wanabana koo ili wasikike kama watawa wa Tibet na wananijia wamekaukiwa. Pumzi ivutwe kwa pua, kimyakimya. Ukiigugumia kwa mdomo baada ya kila mstari, kabonidayoksaidi inapungua mno kwenye damu, unapata kizunguzungu na ganzi vidoleni. Siyo roho yeyote aliyekutembelea, umevuta hewa kupita kiasi. Nyamaza, pumua kawaida, kesho punguza.

Watu hunitumia pia habari kuhusu kuvuma, yaani kutoa sauti ya mmm midomo ikiwa imefumbwa. Watafiti wa Sweden walionyesha mwaka 2002 kwamba kuvuma kunaongeza gesi ya oksidi ya nitriki inayotoka puani mara 15 ukilinganisha na kushusha pumzi kimya. Ni kweli. Lakini kutoka hapo hadi kusema Om inatibu mafua ni safari ndefu, na anayekuuzia kozi kwa kigezo hicho mwache na kozi yake.

Na dawa za presha unaendelea kumeza. Namba zikishuka baada ya miezi, mpelekee daktari daftari lako la vipimo, yeye ndiye wa kugusa dozi.