Konokono aliyegeuka na matuta yasiyodumu

Mwaka 1650 Rembrandt van Rijn, mchoraji wa Kiholanzi, alichora gamba la konokono wa baharini kwenye bamba la shaba dogo kuliko postikadi. Ni yule konokono wa umbo la pia, mweusi mwenye madoa meupe, anayepatikana Bahari ya Hindi na Pasifiki. Amsterdam ya wakati ule watu wenye fedha walikusanya magamba ya namna hiyo, na Rembrandt naye alikuwa mkusanyaji asiyejizuia.

Wanafunzi wangu huwa nawapa chapa ya picha hiyo, yaani karatasi iliyochapwa kutoka kwenye bamba, pamoja na gamba halisi la konokono wa jamii hiyo, kisha nanyamaza. Baada ya dakika chache mmoja hushtuka: mzunguko umekwenda kinyume! Gamba halisi ukilisimamisha kilele kikiwa juu, mdomo wake huwa kulia. Kwenye chapa uko upande wa pili. Rembrandt alilichora kwenye bamba kama alivyoliona, na bamba likigusana na karatasi kila kitu hugeuka, kama sura kwenye kioo.

Lakini tazama saini na mwaka. Vinasomeka vizuri kabisa. Maana yake alikumbuka kuandika herufi kinyumenyume, gamba akaliacha lilivyo. Wengine husema alisahau. Mimi naona hakujali. (Siwacheki waliosahau kweli: chapa yangu ya kwanza ilikuwa jahazi lenye jina ubavuni, na hata mimi mwenyewe nilishindwa kulisoma.)

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Bamba la shaba nyekundu unalipasha moto na kulipaka utando mwembamba wa nta, lami na utomvu. Likishapoa unachora kwa sindano, na hapa ndipo utamu ulipo: hukwaruzi shaba, unakwaruza nta tu, kwa hiyo mkono unateleza kama wa mtu anayeandika barua. Kisha tindikali inakula shaba pale ulipoivua nguo. Ikikaa kidogo mstari unakuwa mwembamba, ikikaa sana unakuwa mzito. Ukitaka anga hafifu na mti mweusi, unalitoa bamba mapema, unaliziba anga kwa vanishi, unalirudisha. Wino unapakwa bamba zima, unafutwa kwa shashi ngumu, unabaki ndani ya mifereji. Karatasi mbichi juu yake, blanketi za sufu, halafu roli za presi zinaikandamiza karatasi hadi iingie mferejini kuufuata wino.

Hayo wengi waliyajua. Kilichomtenga Rembrandt na wenzake ni jinsi alivyotumia sindano kavu, yaani kuchimba shaba moja kwa moja bila nta wala tindikali. Anayelima ataelewa haraka. Jembe likichimba mfereji, udongo hulala pembeni ukawa tuta. Sindano nayo huacha tuta la shaba kando ya mstari, dogo ila kidole kinalihisi linavyokwaruza. Tuta hilo linashika wino, na mstari ukichapwa unatoka na ukungu mweusi kama mahameli. Mafundi wengi waliyakwangua matuta ili mstari uwe safi. Rembrandt aliyaacha.

Tatizo ni kwamba matuta hayadumu. Kila bamba linapopita kwenye presi yanalala kidogo. Kwenye karakana yangu chapa ya kumi na ya ishirini nazitofautisha nikiwa nimesimama mlangoni. Leo bamba huweza kuvishwa ngozi nyembamba ya chuma. Karne ya 17 hakukuwa na ufundi huo.

Sasa iangalie Misalaba Mitatu ya mwaka 1653, picha yake ya kusulubiwa kwa Yesu, kazi iliyotegemea sindano kavu. Chapa za kwanza zina umati, farasi, na mwanga unaoshuka kutoka juu. Nyingine alizichapa kwenye ngozi laini ya mnyama badala ya karatasi. Baadaye alilirudia bamba lilelile, akasugua na kufuta watu kadhaa, akaweka mpanda farasi mpya mwenye kofia ndefu, kisha akashusha mistari mizito iliyonyooka hadi nusu ya umati ikamezwa na giza. Bamba moja, picha mbili. Nikilazimishwa kuchagua nachukua ile ya giza.

Alichagua hata karatasi kwa sababu ya matuta hayo yasiyodumu. Waholanzi ndio Wazungu pekee waliokuwa wakiruhusiwa kufanya biashara Japani, na karatasi ya huko, laini yenye rangi ya maziwa yaliyokolea, ilimfikia. Inafyonza wino bila kuhitaji mgandamizo mkali, kwa hiyo matuta yanapona kidogo.

Ukipata nafasi ya kuzitazama chapa zake, uliza kwanza zilichapwa lini. Mabamba mengi yaliendelea kuzungushwa kwenye presi baada ya yeye kufariki mwaka 1669. Lile la Kristo akiponya wagonjwa, picha iliyopewa jina la Gulda Mia (gulda ilikuwa fedha ya Uholanzi) kwa sababu ya bei yake, lilifika mikononi mwa kapteni mmoja, William Baillie, karne ya 18. Alilichonga upya palipochakaa, akachapa nakala zake, kisha akalikata vipande vinne na kuvichapa kimoja kimoja.