Je, wajua kwa nini chupa iliyotupwa Kadutu huzima taa Goma?

Mvua ikinyesha Kadutu, mtaa wa mji wa Bukavu mashariki mwa Kongo (DRC), angalia mfereji wa kando ya barabara. Maji ya kwanza hubeba vumbi. Yanayofuata hubeba tope jekundu, sasheti, maganda ya miwa, ndala iliyokatika kamba, na chupa juu ya chupa. Vyote huteremka korongoni, na makorongo ya Bukavu huishia Ziwa Kivu. Wengi wetu hudhani safari imekomea hapo, maana ziwa ni kubwa.

Ni kubwa kweli, karibu kilomita za mraba 2,400, lakini lina mlango mmoja tu wa kutolea maji: mto Ruzizi. Zamani sana maji yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward, mpaka volkano za Virunga zikaziba njia. Ziwa likapanda, likapata upenyo kusini. Upenyo huo uko hapa hapa Bukavu, mji wa watu zaidi ya milioni moja. Basi kinachoelea karibu nasi hakiendi mbali: mkondo unakivuta mlangoni.

Kilomita chache chini ya mlango huo lipo bwawa la umeme la Ruzizi I, linalofanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Mahali maji yanapoingilia kuelekea turbini pamewekwa wavu wa vyuma. Plastiki hujibandika pale, tope na majani huziba nafasi zilizobaki, na maji hupungua nguvu. Hapo mashine husimamishwa. Wapiga mbizi hushuka katika maji mazito yasiyoonyesha kitu, wakipapasa vyuma na kung'oa takataka kwa mikono. Ni kazi ya hatari, na chanzo chake ni sisi huku juu.

Umeme wa bwawa hilo hufika mpaka Goma, mji ulio mwisho wa kaskazini wa ziwa. Ukikatika, si taa tu: Goma maji ya bomba huvutwa kwa pampu kutoka ziwa lile lile, na pampu ikinyamaza, watu hurudi ufukweni na bidoni.

Amri ya mwisho wa 2017 ilikataza mifuko ya plastiki nchini kote, lakini sokoni bado unafungiwa chumvi kwa sasheti. Mimi naona takataka zizuiwe korongoni, kabla hazijagusa ziwa, mahali ambapo mtu anaweza kuziokota akiwa amesimama pakavu. Zinazoponyoka Ruzizi I hukutana na bwawa la pili, Ruzizi II, kisha huteremka bondeni hadi Ziwa Tanganyika, jirani na Uvira.