Ruta pandikizi ofisini: yanayosemwa na yalivyo

Ruta pandikizi ni kifaa cha waifai kilichochomekwa kwenye mtandao wa ofisi bila idhini, au kinachoiga jina la mtandao huo. Haya ndiyo yanayosemwa juu yake.

"Jina ni letu, kwa hiyo mtandao ni wetu." Hii ndiyo inayoponza wengi. Jina la waifai ni maandishi tu. Yeyote mwenye simu anaweza kuwasha hotspoti na kuipa jina la ofisi yenu herufi kwa herufi, na kama mtandao wenu wa wageni hauna paswedi, simu za watu zitaifuata bila kuuliza. Kinachotofautisha ni anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kila kifaa: tarakimu 12 (0-9 na A-F), na nusu ya kwanza kwa kawaida humtaja mtengenezaji. Kwenye Windows, amri netsh wlan show networks mode=bssid inazianika zote. Anwani yenye jina lenu isiyokuwemo kwenye daftari la vifaa vyenu ichunguzwe, ingawa mjanja huiga hata anwani.

"Anayepandikiza ni mdukuzi wa nje." Mara nyingi ni mwenzenu asiye na nia mbaya. Chumba cha mwisho kwenye korido hakipati mawimbi, kuta za matofali ya kuchoma zimeyameza, basi mhasibu anashuka Mwanjelwa, Mbeya, ananunua ruta ya bei chee na kuichomeka kwenye soketi ya mtandao ukutani. Paswedi: 12345678. Hapo mtandao wa ndani umeshafika mpaka kijiwe cha bodaboda. Afadhali akikosea akachomeka waya kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) badala ya WAN (la kuingizia intaneti), maana ruta itaanza kugawa anwani zake za IP, yaani namba za kompyuta kwenye mtandao, kompyuta kadhaa zitakosa intaneti na mtashtuka mapema. Ukiona kompyuta imepewa anwani inayoanza na 192.168.0 wakati za ofisi yenu huanza na 10.10, usikimbilie kulaumu kampuni ya intaneti.

"Faiawoli itaikamata." Thubutu! Hicho ni kizuizi kinacholinda mpaka wenu na intaneti, na ruta hii iko ndani. Kuficha jina la mtandao nako hakusaidii, kwani simu hulitaja jina hilo kila inapojiunga.

"Kila ruta ngeni ni adui." Fungua programu ya kupima waifai pale Kabwe uone orodha: maduka, gesti, hotspoti za wapita njia. Swali ni kama imechomekwa kwenye waya wenu. Jibu liko kwenye jedwali la MAC la swichi (kifaa kinachounganisha waya zote za ofisi), linaloonyesha kila anwani iko tundu gani. Anwani ya upande wa waya mara nyingi hupishana na ile ya hewani kwa tarakimu ya mwisho tu. Ikionekana tundu la 14, fuata waya wa 14. Ya jirani mwachieni jirani, msijaribu kuikata. Mwaka 2014 kampuni ya hoteli ya Marriott ilitozwa dola 600,000 na FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, kwa kukata hotspoti za wageni katika hoteli yake moja.

"Mawimbi yakiwa makali umeshafika." Si lazima, mabati huyarudisha. Shika simu kifuani, zunguka taratibu ukitazama namba ya nguvu ya mawimbi kwenye programu ile (dBm; ikizidi kushuka chini ya sifuri, mawimbi ni dhaifu). Ikishuka kutoka -50 hadi -65, huenda mwili wako umekinga mawimbi, yaani chanzo kiko mgongoni. Rudia chumba kinachofuata, kisha chungulia nyuma ya printa na juu ya dari. Kabla ya kuichomoa piga picha, andika namba ya tundu. Na kile chumba cha mwisho kwenye korido kipelekeeni mawimbi, la sivyo mshahara ukitoka itanunuliwa nyingine.