Je, wajua kwa nini umeme huruka kwa urahisi zaidi hewa ikipungua?

"Toa hewa, cheche itakosa pa kupita." Nilisema hivyo kwa kujiamini kabisa mbele ya wanafunzi wawili, katika maabara moja hapa Kampala, huku pampu ikinguruma nyuma yangu. Tulikuwa na benchi la kujaribia chanzo cha ioni. Hicho ni chombo kidogo cha chuma ambamo gesi, kwetu hidrojeni, hupigwa umeme hadi ivuliwe elektroni zake, kisha ioni zinazobaki huvutwa nje kwa volti kubwa ziwe mwale. Vyombo vya aina hiyo hulisha mashine za kuharakisha chembe, na vingine hupandikiza ioni kwenye silikoni ya chipu zilizomo ndani ya simu yako.

Chetu kilitakiwa kufika volti 15,000. Kilipofika 5,000 tu, pah! Mshale wa mita ulianguka hadi sifuri na ulinzi ukakata umeme. Tukaiacha pampu ivute hewa usiku kucha. Asubuhi, 5,000, pah. Tukafungua, tukasugua elektrodi, yaani vipande vya chuma vinavyobeba volti, tukavaa glavu ili mafuta ya vidole yasibaki juu ya chuma, tukaisogeza elektrodi mbali na ukuta wa chombo. 5,000, pah.

Sentensi yangu ina mantiki ya mtaani, na ndiyo maana niling'ang'ania nayo kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Tunaona cheche zikiruka hewani, tunaona radi ikichana mawingu juu ya ziwa, tunahitimisha kwamba hewa ndiyo barabara ya umeme. Ukweli ni kinyume chake: hewa ya kawaida ni kizuizi, tena kizuizi kizuri. Usawa wa bahari, cheche inahitaji takriban volti 3,000 ili kuruka milimita moja. Hewa hiyo ndiyo inayokuruhusu kusimama chini ya nyaya za umeme mkubwa ukisubiri boda.

Na ukipunguza hewa kidogo, kizuizi hudhoofika. Hapa Kampala tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya nane, kwa hiyo cheche yetu huhitaji volti pungufu kwa kiasi kama hicho kuliko cheche ya Mombasa. Ndiyo maana viwango vya kimataifa vya vifaa vya umeme mkubwa hutaka nafasi za hewa zifikiriwe upya ukishapita mita 1,000. Ushahidi mwingine ulikuwa darini mwetu siku zote hizo: taa ya tyubu. Ndani yake presha ni kama sehemu tatu katika elfu moja ya presha ya nje, na umeme wa nyumbani, ukisaidiwa na kisukumo kidogo cha kuwashia, huvuka urefu wa mita 1.2. Katika hewa ya kawaida, umbali huo ungedai mamia ya maelfu ya volti. Nimefundisha chini ya taa hizo miaka mingi bila kuziuliza swali.

Aliyeliweka jambo hili katika kanuni ni Mjerumani Friedrich Paschen, mwaka 1889. Kinachoamua volti ya kuruka, alisema, si presha peke yake wala umbali peke yake, bali presha mara umbali. Chora grafu yake utapata bonde: volti inashuka, inagota chini, halafu inapanda tena kwa ukali. Kwa hewa, nafasi ya sentimita moja inayodai volti 30,000 katika presha ya kawaida huvukwa kwa chini ya volti 400 presha ikishuka hadi sehemu moja katika elfu.

Kwa nini bonde? Twende soko la Owino, hapa Kampala.

Saa sita mchana kijana kaiba simu, anataka kukimbia kutoka lango la juu hadi lango la chini. Hawezi. Hatua moja, kagonga kifua cha mtu. Anaanza upya, kagonga mwingine. Hapati kasi, na migongano yake haimwangushi yeyote. Huyo ni elektroni katika hewa ya kawaida, na malango ni elektrodi mbili: volti inamvuta, lakini molekuli zimesongamana mno.

Sasa rudi jioni, wachuuzi wakifungasha. Watu wapo, ila wachache. Kijana anapata hatua kumi za kukimbia, anamgonga mbeba kikapu kwa nguvu zote, na mbeba kikapu, kwa sababu anazozijua mwenyewe, anaanza kukimbia naye. Wawili wanagonga wawili, wanakuwa wanne, wanane. Wakati huohuo kila molekuli iliyonyang'anywa elektroni hugeuka ioni, inajikokota kurudi lango la juu, na ikiligonga inaweza kumtoa mkimbiaji mpya. Bila marejeo hayo vurugu ingeisha kwa wimbi moja. Yakiwapo, inajiendesha yenyewe.

Saa nane usiku soko ni tupu. Kijana anapita kama mshale, hagongi mtu, hakuna vurugu.

Kwa hiyo kuhusu usiku wa manane sikukosea. Nilichosahau ni kwamba huwezi kutoka mchana ukafika usiku bila kupita magharibi.

Bonde hili lina kituko ninachokipenda kuliko vyote. Katika soko karibu tupu, njia ndefu ndiyo yenye nafasi ya kugonga mtu, kwa hiyo umeme huacha njia ya mkato. Mjerumani mwingine, Johann Wilhelm Hittorf, aliweka elektrodi mbili karibu kabisa, kisha akaziunganisha pia kwa bomba la kioo lililozunguka zaidi ya mita tatu. Presha iliposhuka vya kutosha, umeme ulizunguka bomba zima. Fundi anayeongeza nafasi ili kuzuia cheche anaweza kuwa anaijengea barabara.

Mfano wa Owino una mipaka. Namba za bonde hubadilika kwa aina ya gesi na ya chuma, na sumaku, ambazo vyanzo vingi vya ioni vinazo, huwazungusha wakimbiaji hadi soko tupu lionekane limejaa. Katika ombwe zuri kabisa, yaani nafasi iliyotolewa karibu hewa yote, cheche huzaliwa kwenye chuma chenyewe. Hapo wataalamu hubishana kama chanzo ni vichongo vidogo juu ya chuma au vumbi lililobanduka, na pengine ni vyote.

Kosa letu tulionyeshwa na giza. Jioni moja umeme ulikatika. Benchi lilikuwa kwenye inveta, taa za chumba hazikuwa. Volti zilikuwa zinakaribia 5,000. Chomboni hakuna kitu. Lakini nje yake, ndani ya mpira mwembamba unaopeleka hidrojeni, palikuwa na utepe wa mwanga wa rangi ya waridi, umetulia, umejaza mpira kuanzia koki hadi mwisho. Mwanafunzi mmoja aliuona kabla yangu. Akasema tu, "Mwalimu, magharibi."

Koki ya kupunguza gesi ilikuwa upande wa athi, yaani ule uliounganishwa na ardhi. Baada yake mpira wote, sentimita 40, ulikuwa na presha ya katikati, na upande mmoja wa mpira ni sifuri huku mwingine ukiwa na volti zote. Pampu ingevuta mwaka mzima bila kuligusa tatizo, maana gesi ilikuwa inapita hapo kabla ya kufika kwenye pampu.

Tulizima, tukagusisha fimbo ya athi kila mahali, tukaihamishia koki upande wa volti kubwa. Sasa mpira unabaki umejaa gesi ya presha kamili, mchana wa Owino, na msongamano unaanza kupungua baada ya volti zote kuvukwa. Benchi lilifika 15,000 siku ya pili. Ila koki nayo sasa iko kwenye volti 15,000, kwa hiyo kuongeza gesi kunafanywa kwa kijiti cha plastiki cha mita moja, mtu akiwa nyuma ya wavu, akizungusha robo kwa robo kama anayevua samaki.